Jando lisilokuwa na wazee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi mwenzangu wa Arusha, aliyeuliza wiki mbili zilizopita kama amruhusu mwanawe anayesoma Marekani kujiunga na chama cha udugu cha chuoni kwake, vile vyama ambavyo wenyeji huviita fraterniti na kuvipa majina ya herufi za Kigiriki. Mjibu maswali wenu alimwambia amruhusu bila kusita, kwa kuwa huko ndiko kazi zinakogawiwa. Jibu hilo lina ukweli, tena ukweli uliopimwa na wachumi, lakini limeacha nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu mzazi zaidi. Nilifundisha kemia katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Ohio kwa miaka minne, mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwalimu msaidizi huku nikisomea shahada ya uzamivu, na vijana wa vyama hivyo walikuwa wakijaza safu za nyuma za darasa langu.

Kwa msomaji asiyevijua, hivi si vyama vya dini wala vya siasa. Cha kwanza kabisa, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 na wanafunzi wa Chuo cha William and Mary, Virginia, kikiwa kikundi cha siri cha kufanya midahalo, na baadaye kikageuka kuwa jumuiya ya kuwaenzi wanafunzi waliofaulu sana. Udugu wa aina tunayoizungumzia, wa kuishi, kula na kustarehe pamoja, ulipata mizizi katika Chuo cha Union mjini Schenectady, jimbo la New York, ambako vyama vitatu vilizaliwa kati ya mwaka 1825 na 1827. Siku hizi chama kikubwa huwa na matawi katika vyuo vingi, ofisi kuu yenye wafanyakazi wa mshahara, bima, mawakili, na wazee waliomaliza masomo miaka 40 iliyopita ambao bado huchanga fedha paa la nyumba ya tawi lao likivuja. Mwanafunzi haendi tu kujiandikisha. Hukaribishwa kwenye tafrija, huchunguzwa, hupigiwa kura, hupewa mwaliko, kisha huwekwa katika majaribio ya wiki kadhaa kabla ya kuapishwa. Anayepitia majaribio hayo nitamwita mwari, kwa sababu sijaona neno la Kiswahili linalomfaa kuliko hilo.

Nianze na faida, nisije nikadhaniwa nina kinyongo. Mwaka 2018 wachumi watatu, Jack Mara, Lewis Davis na Stephen Schmidt, walichapisha utafiti kuhusu wahitimu wa chuo kimoja kidogo cha kaskazini-mashariki mwa Marekani. Walikadiria kuwa kujiunga na chama cha udugu kulimshusha mwanafunzi kiasi cha robo pointi ya GPA, yaani wastani wa alama zake zote, katika kipimo cha pointi nne, lakini kulimwongezea kipato cha baadaye kwa takriban asilimia 36. Robo pointi si kitu cha kubeza: kijana ambaye angemaliza na 3.1 anamaliza na 2.85, na hapo wapo waajiri na vyuo ambavyo havitaisoma barua yake hadi mwisho. Hata hivyo mshahara unapanda. Maelezo ya wachumi hao ni kwamba anachopoteza mtu darasani hukipata, na ziada juu yake, katika watu anaofahamiana nao. Mjibu maswali wenu hakubuni, basi.

Lakini wapo wachumi wengine waliochukua kumbukumbu za zaidi ya miaka 15 za chuo kikuu kikubwa cha umma, ambacho humtaka anayejiunga awe na kiwango fulani cha alama, wakawalinganisha wanafunzi waliokivuka kiwango hicho kwa kidogo tu na wale waliokikosa kwa kidogo tu. Alama zilishuka vilevile, ila safari hii hakikuonekana kipato cha ziada cha kuzifidia. Kwa nini fedha iwepo kule na huku isiwepo? Nadhani, na hili ni la kwangu, mkono wa ndugu una thamani ya kile ulichoshika. Katika chuo kidogo cha watoto wa matajiri, kaka waliotangulia wana ofisi New York na Boston; katika chuo cha umma, kaka aliyetangulia ni mtu mwema tu ambaye naye yuko mbioni kutafuta kazi. Mzazi wa Arusha azingatie pia kwamba mwanawe ni mgeni nchini humo. Ndugu wa chama anaweza kumfikisha kwenye usaili, lakini viza ya kazi hutolewa na serikali, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na maofisa wa uhamiaji hawaulizi mtu aliapishwa katika nyumba gani.

Kuna jambo moja katika utafiti wa mwaka 2018 ambalo watu wengi hulipita. Tungetarajia kuwa pombe ndiyo iliyoshusha alama, lakini watafiti waliona kuwa pombe haikueleza sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Mimi halikunishangaza, kwa sababu niliona kwa macho yangu kilichokuwa kikizila alama za vijana, nacho kilikuwa muda, hasa muda wa kulala.

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilikuwa na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliyepata 19 kati ya 20 katika zoezi la kwanza. Kufikia katikati ya Oktoba alikuwa akiingia maabara na tofali ndani ya mkoba wake, tofali zima la kujengea lililopakwa rangi mbili, na alikuwa akiliweka mezani kando ya mizani kana kwamba ni kitabu cha kiada. Nilimuuliza la nini. Akajibu kwa adabu kwamba haruhusiwi kusema. Wiki iliyofuata niliona kidole gumba na cha shahada vya mkono wake wa kulia vimebabuka, nikadhani ameunguzwa na jiko la gesi la maabara, nikaenda kuchukua fomu ya ajali. Akacheka, akaniomba nisiandike chochote: alikuwa amepewa njiti ya kiberiti iliyowashwa akariri alfabeti nzima ya Kigiriki kabla moto haujafika mwisho, na alfa hadi omega ilikuwa imemchukua njiti nyingi. Zoezi la tano alipata 8. Kila asubuhi alikuwa amekwisha kufanya kazi tangu saa kumi na moja, kufagia ukumbi wa chini na kupeleka kaka zake mjini kwa gari, na darasani kwangu alikuwa akisinzia huku kalamu ikichora mstari mrefu kwenye daftari. Hakulewa hata siku moja mbele yangu. Alimaliza muhula kwa alama ya C na alikuwa na furaha kubwa, kwani alikuwa ameapishwa.

Jumapili moja alinialika chakula cha mchana kwenye nyumba yao, kama walivyokuwa wakifanya kwa walimu mara kwa mara. Ukutani, kuanzia sebuleni hadi juu ya ngazi, zilitundikwa fremu za picha za wanachama wa kila mwaka, nyuso ndogondogo za vijana waliovaa tai, na alinionyesha kwa kidole yupi sasa ni hakimu, yupi ana kampuni ya lami, yupi alifia Vietnam. Mweka hazina wao alikuwa na umri wa miaka 20, naye ndiye aliyekuwa akilipa mpishi, bili ya umeme na kodi ya jengo. Nikiri kwamba niliwaonea wivu. Miaka saba baadaye kijana yule aliniandikia kwamba ameajiriwa na kampuni ya bima, na kwamba aliyemsaili alikuwa mmoja wa zile nyuso za ukutani.

Ningeweza kuishia hapo na kumwacha mzazi achague kati ya alama na mshahara. Tatizo ni kwamba kifungo kilekile cha udugu kinachomfanya mgeni wa miaka 50 amfungulie mlango kijana asiyemjua ndicho kinachowafanya vijana 30 wanyamaze mwenzao akikata roho. Mtu akishavumilia tofali, njiti na usiku wa kutolala, na akanyamaza kwa ajili ya wenzake, anajua kwamba nao watanyamaza kwa ajili yake. Chama kinanunua uaminifu huo kwa siri, na siri haichagui cha kuficha.

Mwezi Februari 2017, katika Chuo Kikuu cha Penn State, mwanafunzi wa uhandisi mwenye umri wa miaka 19 alipokea mwaliko wa chama cha Beta Theta Pi. Usiku wa kuanza majaribio alinyweshwa vinywaji 18 katika muda wa dakika 82, akaanguka kwenye ngazi za kuingilia chumba cha chini. Kamera za humo ndani zilirekodi yaliyofuata. Wenzake walimbeba hadi kwenye kochi, wakammwagia maji, wakampiga makofi, wakamvisha mkoba mzito mgongoni ili asilale chali akapaliwa na matapishi. Ulipita muda wa karibu saa 12 kabla ya simu ya kuomba msaada kupigwa, na alifariki hospitalini. Ukisoma orodha hiyo polepole unaona kuwa hawakuwa makatili wote. Yule aliyeleta mkoba alikuwa anajua hatari iliyopo na alikuwa anajaribu kuizuia. Kilichomshinda ni kumwita mtu wa nje. Mwaka 2024 waliokuwa viongozi wawili wa tawi hilo walihukumiwa kifungo cha miezi miwili hadi minne. Mwandishi Hank Nuwer, aliyetumia miaka mingi kukusanya habari za vifo vya aina hii, ameonyesha kuwa tangu 1959 hadi 2021 haukupita mwaka hata mmoja bila kifo kama hicho nchini Marekani.

Pombe, basi, huenda haishushi alama sana, lakini ndiyo inayozika. Sheria ya taifa ya mwaka 1984 ilizibana serikali za majimbo ziweke umri wa kununua pombe kuwa miaka 21. Wanafunzi wengi wa chuo wana miaka 18 hadi 20, hawaruhusiwi baa, na hawakuacha kunywa. Walihamia palipo na nyumba kubwa isiyo na mlezi, yenye kaka wa mwaka wa nne anayeruhusiwa kununua. Vyama vingi vya dada, yaani vyama vya aina hiyo vya wanafunzi wa kike, kwa kanuni zao wenyewe, haviruhusu pombe katika nyumba zao, kwa hiyo tafrija hufanyika kwa wanaume: wao ndio wanaochagua nani aingie, nani amwagiwe nini kwenye kikombe, na mlango upi ufungwe. Wazazi wenye mabinti huko wanielewe hapo bila kunitaka niendelee. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard uliofanywa mwaka 1993 katika vyuo 140 ulikuta kuwa asilimia 44 ya wanafunzi wote hunywa kwa kiwango cha kupindukia, na miongoni mwa wanaume waliokuwa wakiishi katika nyumba za udugu ilizidi asilimia 80.

Nimetumia neno mwari makusudi. Mimi ni mtu wa Handeni na nilipelekwa jandoni nikiwa mdogo, kwa hiyo sitamcheka mtu anayetaka kijana apitie jaribu ili aingie katika kundi la wanaume. Tulilala kwenye baridi, tuliimbishwa, tulitishwa, tulifundishwa maneno tuliyokatazwa kuyatoa nje ya kumbi. Wala sitasema jando halikuwahi kuua, maana wapo waliotoka humo wakiwa wagonjwa na wapo ambao hawakutoka. Ila ngariba wetu alikuwa na mvi, kungwi alikuwa na watoto wake mwenyewe, na babu yangu mzaa mama alikuwa akija kila jioni kukaa kwenye gogo nje ya kumbi, hasemi neno, anavuta kiko chake. Kungwi alikuwa anajua yuko pale, na alijua atamjibu nini mimi nikidhurika. Katika nyumba ya udugu kungwi ana miaka 20, yeye mwenyewe alikuwa mwari mwaka jana, na pale nje kwenye gogo hapana mtu. Wazee wapo, kama nilivyosema, lakini wako Chicago wakichangia paa.

Haki inanidai niseme kwamba si vyama vyote vilivyozaliwa kwa ajili ya starehe. Alpha Phi Alpha kilianzishwa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906 na wanafunzi weusi waliokuwa wachache na wapweke katika chuo cha wazungu, na kutoka humo walipita Martin Luther King na Thurgood Marshall, jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Chama cha dada cha Alpha Kappa Alpha, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, ndicho alichojiunga nacho Kamala Harris. Katika vyama hivi uanachama hauishii siku ya mahafali. Mama wa miaka 70 bado huvaa rangi zake na kulipa ada, na fedha hiyo husomesha watoto. Kwa kijana wa Kiafrika aliyetua katika mji ambao watu hawawezi kutamka jina lake, mlango kama huo si jambo dogo. Lakini navyo vilikuwa na majaribio makali ya siri, hata mwaka 1990 vikakubaliana kuufuta rasmi utaratibu wa kuwaweka wari, na bado desturi hiyo imekuwa ikiendelea chinichini katika baadhi ya matawi.

Asitokee mtu akasema haya ni ya Wamarekani. Waliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zamani wanamkumbuka Mzee Punch, kikundi kisichokuwa na sura, kilichoanza kwa kubandika vikaragosi na vijembe ukutani na kuishia kuwaandama wanafunzi wa kike waliowakataa wakubwa wake. Mwaka 1990 binti mmoja wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa hivyo, na ndipo Punch ikapigwa marufuku. Hakukuwa na herufi ya Kigiriki hata moja pale. Kulikuwa na siri, na vijana wanaosimamiana wenyewe.

Kuvifuta vyama hivi kunawezekana lakini hakufanywi na kila chuo. Chuo cha Williams kilianza kuviondoa mwaka 1962, Amherst na Colby vikafuata mwaka 1984, na vyuo hivyo havikufilisika wala wahitimu wake hawakukosa kazi. Harvard ilijaribu njia ya nusu mwaka 2016, kwa kuwanyima nafasi za uongozi wanaojiunga na vyama vya jinsia moja, ikaandamwa na kesi, na mwaka 2020 ikarudi nyuma. Vyuo vya umma hubanwa na haki ya kikatiba ya watu kukusanyika, na mara nyingi wafadhili wakubwa wa vyuo ni hao hao wazee wenye picha ukutani.

Kwa hiyo nimrudie mzazi wa Arusha, maana yeye hawezi kungoja vyuo vifutwe. Ningemshauri amwombe kijana asijiunge mwaka wa kwanza, kabla hajajua anaweza kusoma kwa kasi gani katika nchi mpya. Mwaliko wa kweli utakuwepo hata mwaka wa pili. Aulize ada ya muhula ni kiasi gani kwa dola na nini hutokea mtu akishindwa kulipa katikati. Tangu Desemba 2024 ipo sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kutangaza hadharani vyama vilivyopatikana na makosa ya kuwatesa wari, kwa hiyo jina la chama litafutwe katika taarifa ya chuo husika kabla ya kutafutwa katika picha za tafrija. Amuulize mwanawe swali moja zaidi: je, katika majaribio hayo kuna jambo atakalokatazwa kumwambia mama yake? Akijibu kuwa lipo, amshauri akatae mwaliko, hata kama kaka aliyetangulia ni waziri.

Na kama kijana amekwisha kujiunga, au hata kama anakwenda tu kwenye tafrija za wenzake, basi ajue kwamba mtu aliyezimia kwa pombe na asiyeamka akitikiswa si mtu wa kulazwa kwenye kochi. Majimbo mengi yana sheria inayomlinda anayeomba msaada asishtakiwe kwa kunywa chini ya umri. Namba ya dharura ni 911, na haihitaji ruhusa ya mwenyekiti wa chama kuipiga.

Mzazi na mwalimu mstaafu,
Tanga